Bibi au Pembe?

Nilikwenda Mji Mkongwe, Zanzibar, kuandika habari za onyesho la wanawake pekee: mashairi, taarab na hadithi, mkubwa wao amevuka sabini, mdogo ana kumi na tisa. Nikarudi na neno moja ambalo mpaka leo halijanitoka.

Nililikuta kwenye mazoezi, ndani ya daftari lililoviringishiwa kipande cha kanga. Bi Mkubwa, aliyeniomba nisimtaje jina, alikuwa amelipakata. Humo mna nyimbo za marehemu mama yake, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, wino umegeuka rangi ya chai. Msichana mpiga ganuni akainama kusoma. Herufi anazijua, madrasa amesoma. Akaweka kidole, akasema: bibi. Bi Mkubwa akatikisa kichwa. Ni pembe.

Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini tazama: Kiarabu hakina herufi ya p wala ya mb, na waandishi wengi wa zamani waliiachia b ibebe mzigo wote. Sauti ya e nayo haina alama yake, basi huazima kasra, ile ya i. Andika b na kasra, kisha b nyingine na kasra. Umeandika bibi. Umeandika pipi. Umeandika pembe. Wapo walioongeza nukta zao kutenganisha sauti hizo. Mama yake Bi Mkubwa hakuongeza.

Mimi niliona kasoro. Bi Mkubwa haoni hivyo. Anasema daftari halikuandikwa limfundishe mtu wimbo, liliandikwa limkumbushe anayeujua. Anayetaka kuusoma sharti kwanza aupate masikioni, na masikioni haupatikani ila kwa kukaa kitako karibu na mtu. Yeye aliupata akisuka ukili ubavuni mwa mama yake, ubeti mmoja ukirudiwa asubuhi nzima, mpaka akajua pumzi inakatwa wapi. Akifika mahali pale, anasema, hata akifumba macho kinywa chenyewe kinakwenda kwenye pembe.

Ndiyo njia ya wengi waliomtangulia. Siti binti Saad hakujua kusoma wala kuandika, na mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo alizozibeba kichwani. Bi Kidude, aliyetutoka mwaka 2013, alizipokea nyimbo za Siti kwa sikio. Naye Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, aliutunga katika zama ambazo Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizi hizi.

Kilichobadilika kiko mikononi mwa msichana. Katika vikundi vya zama za mama yake, anakumbuka Bi Mkubwa, wanawake waliimba na ala zikapigwa na wanaume. Tausi, kikundi alichokianzisha Maryam Hamdani mwaka 2009, kiliwakalisha wanawake kwenye ala zenyewe. Msichana huyu naye amevaa pete mbili kwenye vidole vya shahada, kila moja imebana kipande chembamba cha kuchapia nyuzi. Bi Mkubwa huvitazama vidole hivyo kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama chombo kikiingia bandarini.

Pembe ya nini, lakini? Ya ng'ombe? Ya ndovu? Ya nyumba? Msichana aliuliza, na mama wa makamo aliyepangiwa kusimulia hadithi kati ya nyimbo akataka kuieleza hadhira. Bi Mkubwa akalifunga daftari. Wimbo ule ulikuwa fumbo, na aliyefumbiwa alifumbua siku ile ile. Wajukuu zake wako mjini humu humu. Haifai, anasema, mtu aliyekaa kitini kwa starehe zake apakwe uchungu aliopakwa bibi yake. Basi wimbo ukaimbwa, hadithi yake ikabaki kwa Bi Mkubwa. Atakapoondoka ataondoka nayo. Ni haki yake? Nimejiuliza sana, sina jibu.

Usiku wa onyesho alighani beti mbili za mwanzo, daftari limefungwa mapajani, kisha msichana akazipokea kwa ganuni na sauti. Ilipofika pembe, pumzi ilikatwa palepale. Akina mama wakainuka na noti mkononi, wakicheza polepole kuja kutunza.

Baadaye msichana alinionyesha simu yake. Ameshazinakili nyimbo kumi na moja kwa herufi za kawaida, na kila neno sasa linasomeka kwa namna moja tu. Ni kazi njema, nami nilimpongeza kwa moyo wote. Hakuna tena atakayesoma bibi mahali pa pembe. Ila aliyekosea siku ile alilazimika kuvuta kiti, akakaa karibu na Bi Mkubwa mpaka magharibi. Asiyekosea atavutwa na nini?