Koki ya Miyuji Ipimwe kwa Maji ya Miyuji

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, ujenzi haujapoa Miyuji, jijini humo. Kila nyumba inayopanda inahitaji koki, na nyingi zinatoka China, katika miji yenye viwanda vingi vya koki kama Kaiping, Nan'an na Wenzhou. Wapo wanaozinunua Kariakoo, na wapo wanaoagiza wenyewe kwa kontena. Anayeagiza huletewa picha, na pichani koki zote zinang'aa. Mng'ao huo ni kromu nyembamba sana, kwa kawaida isiyofika hata mikromita moja, iliyolazwa juu ya nikeli. Uhai wa koki umo kwenye metali iliyofichwa chini yake.

Metali hiyo ikiwa brasi, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, koki hudumu. Viwanda vinavyobana gharama hutumia aloi ya zinki, ambayo maji huila taratibu mpaka koki inakatikia kwenye theredi na kipande kubaki ukutani. Sumaku haisaidii hapa, kwani hainasi brasi wala zinki. Mizani ndiyo inayosema kweli. Agiza sampuli, ondoa mkono, katriji na raba zote, kisha pima kiwiliwili kitupu. Kifunge uzi, kizamishe chote kwenye jagi lililojaa pomoni, uyakinge maji yanayomwagika. Kiwiliwili cha gramu 500 kikiwa cha brasi kitamwaga mililita kama 60; kikiwa cha aloi ya zinki, kama 75. Tofauti ni kijiko kimoja cha chakula, nayo inatosha kukuokoa na hasara ya kontena zima.

Hata brasi hazilingani. Dodoma imetegemea kwa miaka mingi visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na maji ya ardhini hubeba madini ya miamba yanamopita. Ukoko mweupe ndani ya birika ni ushahidi wake. Maji yenye kloridi nyingi yanaweza kuinyonya zinki kutoka kwenye brasi ya kawaida na kuacha shaba yenye vitundu, rangi ya waridi, isiyo na nguvu. Ipo brasi iliyotengenezwa kuhimili hali hiyo, na kipimo chake cha kimataifa ni ISO 6509. Mwombe mwenye kiwanda cheti cha kipimo hicho, chenye jina la modeli ileile unayonunua.

Halafu kuna presha. Nyumba nyingi huweka simtanki juu ya mnara kwa sababu ya mgao. Kila mita 10 za kimo huleta takriban baa moja. Tanki lililo mita tatu juu ya koki linatoa baa 0.3 tu. Koki nyingi za kuchanganya maji moto na baridi hupimwa kiwandani kwa baa 3. Ndiyo maana koki iliyosifiwa dukani inaweza kutoa maji kiduchu ikifika bafuni. Uliza presha ya chini kabisa inayofaa, kisha ijaribu sampuli kwenye tanki lako.

Ndani ya katriji bora mna visahani viwili vya seramiki vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Ni vigumu sana, lakini mchanga unaokuja maji yanaporudi baada ya mgao huharibu raba zinazovizunguka na kuziba wavu wa mdomoni. Chagua modeli ambayo katriji yake ni ya saizi inayopatikana madukani, na weka kichujio kwenye bomba linaloingia. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza matone 86,400 kwa siku, katika mji wa nyanda kame.

La mwisho ni afya. Risasi huongezwa kwenye brasi ili ichongeke kirahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu mifumo ya maji ya Ghana, Mali na Niger ulihusisha risasi iliyokutwa majini na vifaa vya brasi. Marekani, tangu 2014, hairuhusu zaidi ya wastani wa asilimia 0.25 kwenye sehemu zinazogusa maji ya kunywa. Andika kiwango hicho kwenye oda yako, na usilipe salio kabla ya kuona majibu ya maabara inayojitegemea. Ukaguzi wa Shirika la Viwango Tanzania ni kinga ya taifa; mnunuzi makini huanza ukaguzi wake mapema, fedha ingali mkononi mwake.