USO LAINI NI USO GANI?



Kila siku ya yenga asubuhi, mbele ya kuingia kanisani, wavulana wa internati wanapanga mustari mbele ya dortwari. Sisi makapita tunapita kuangalia viatu, kola ya shati, makucha na ndevu. Juu ya viatu hakuna mabishano: kiatu kimepakwa ao hakikupakwa. Kelele iko juu ya ndevu. Mumoja anasema: "Kapita, nimenyoa sasa hivi, angalia sabuni ingali ku sikio!" Sisi tunapitisha kidole chini ya taya, tunasikia ukali kidogo, tunajibu: "Rudi." Tangu mwanzo wa mwaka tulikuwa na kipimo kimoja tu, ndicho kidole chetu, na tuliwaza kwamba ni kipimo cha haki.

Leo tunataka kueleza namna gani ndevu zilizonyolewa kwa maji na sabuni zinapimwa kweli, na kwa nini kipimo chetu cha zamani kilikuwa kibaya.

1. JAMBO LILILOTUFUNDISHA

Kuko mwenzetu wa mwaka wa ine, hatutaji jina. Ndevu zake ni nyingi, na zimejikunja sana. Yenga tatu zilizofwatana tulimurudisha. Kila mara alikimbia kwa bomba, akanyoa mara ya pili bila sabuni, akipandisha jileti kwa nguvu toka koo kwenda kidevu, mpaka kidole chetu kikakubali. Yenga ya ine shingo yake ilijaa mapele, mengine yenye usaha. Wengine katika dortwari wakaanza kumuita "Nanasi". Akaacha kuimba katika korale, kwa sababu waimbaji wanasimama mbele ya watu wote.

Muganga wa dispanseri alipomuona, hakumugombeza yeye. Alituita sisi. Akauliza: "Bana, ninyi munapima nini? Ndevu ao ngozi?" Tulikosa jibu. Alitufasiria mambo, kisha tukasoma zaidi katika vitabu, na tukajaribu wenyewe juu ya nyuso zetu. Haya ndiyo tuliyofahamu.

2. KARIBU NA LAINI SI KITU KIMOJA

Wengi wetu tunachanganya maneno haya mawili. Kunyoa karibu ni kukata unywele karibu na ngozi. Kunyoa laini ni kuacha ngozi nzima, bila kuikwangua. Mutu anaweza kunyoa karibu sana, na uso wake usiwe laini hata kidogo.

Tuangalie kazi ya salongo. Mutu anayekata majani na kupekupe anaweza kukata mpaka udongo utoke. Siku hiyo utasema kiwanja ni safi kabisa. Lakini amekata na ardhi pamoja, na mvua ya kwanza itaonyesha kazi yake. Kwa uso ni vilevile. Jileti ikipita mara tano mahali pamoja, inaondoa ndevu, na inaondoa vilevile ngozi ya juu yenye kutulinda.

Tena tukumbuke hesabu. Unywele wa ndevu unaota karibu sehemu tatu mpaka tano za milimetri ikigawanywa kwa kumi, kila siku. Ni kidogo, lakini kidole kinaisikia. Basi yule aliyenyoa siku ya posho magaribi na yule aliyenyoa yenga asubuhi hawawezi kuwa sawasawa, hata kama wote wawili walifanya kazi vizuri. Sisi tuliwapima kwa kidole kimoja. Halikuwa jambo la haki.

3. UNYWELE UNAOJIKUNJA

Kwa watu weusi wengi, unywele wa ndevu unajikunja, na hata mfuko wake ndani ya ngozi umepinda. Jileti inapoukata, ncha yake inabaki kali kama mukuki. Kama umekatwa karibu mno, mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza: unatoka nje, unajikunja, unarudi kuchoma ngozi pembeni. La pili: kama ulivuta ngozi wakati wa kunyoa, ukiiachilia ncha inajificha ndani, na inatoboa ngozi toka ndani bila kutoka nje kamwe.

Mwili unauona unywele huo kama mwiba. Unavimba, unafanya pele, pengine usaha, na kisha alama nyeusi zinazokawia kuisha. Waganga wanauita ugonjwa huo psedofolikuliti ya ndevu. Hautokei kwa uchafu. Ni kwa sababu hii kumucheka mwenye mapele, ao kumwambia "nenda unawe", ni kosa.

Jambo hili halikuanza kwetu. Mwaka wa 1974, jarida moja la waganga weusi wa Marekani lilichapa habari juu ya ugonjwa huu katika jeshi la nchi ile. Askari alipaswa kunyoa ndevu kila siku, na askari weusi wengi waliumia. Waandishi walionyesha kwamba si shida ya ngozi tu, ni shida ya uongozi vilevile. Tuliposoma hayo tulinyamaza kidogo, kwa sababu tuliona mustari wetu wa yenga asubuhi.

4. KAZI INAANZA MBELE YA JILETI

Ndevu kavu ni ngumu kama waya. Zikilowa dakika mbili ao tatu, zinakuwa laini na zinakatika bila kuvutwa. Maji ya vuguvugu yanafaa zaidi. Kama hakuna, kitambaa kilicholowa maji kitulizwe juu ya uso muda huo. Kisha sabuni ipigwe mpaka povu iwe nzito. Povu inazuia maji yasikauke upesi, na inaacha jileti iteleze.

Halafu ujue ndevu zako zinaelekea wapi. Pitisha kiganja juu ya uso siku moja kisha kunyoa. Upande unaoteleza ndio njia ya unywele. Upande unaokataa ndio kinyume chake. Kwa wengi, shavuni ndevu zinashuka, lakini shingoni zinaweza kupanda ao kwenda pembeni. Fwata njia ya unywele. Usivute ngozi. Usikandamize razwari, uzito wake unatosha. Kama mahali fulani pamebaki, paka povu tena mbele ya kupita mara ya pili, na upite kwa upana, si kwa kinyume.

5. VIPIMO VINE

Cha kwanza ni sikio. Jileti ikikata ndevu inalia: kwaru, kwaru. Mahali imenyamaza, ndevu zimekwisha kukatika. Mwenye kuendelea kupita hapo anakwangua ngozi tu.

Cha pili ni maji ya baridi. Ukimaliza, nawa uso. Mahali panapochoma ndipo jileti ilikula ngozi. Pakichoma pote, mukono wako ni muzito ao jileti imekwisha. Ukijipangusa na kitambaa cheupe na kikapata damu, hapo tena umejua.

Cha tatu ni kidole, lakini si mara moja. Unywele uliolowa unapinda chini ya kidole, na unadanganya kwamba haupo. Ngoja dakika kumi uso ukauke. Kisha pitisha kidole kwa kufwata njia ya ndevu. Kukiwa na ukali, hukunyoa vizuri. Mara nyingi ni chini ya pua, pembeni ya midomo, karibu na sikio ao chini ya taya. Kama hauamini kidole, chukua pamba kidogo, ipitishe polepole: nyuzi zitashikwa mahali ndevu zimebaki. Mwisho pitisha kidole kwa kinyume. Hapo ukisikia ukali kidogo, acha. Kwa mwenye ndevu za kujikunja, ukali huo mudogo ndio ulinzi wake. Ni huo tuliokuwa tunamurudishia mutu kwa bomba.

Cha ine ni kesho yake, na kesho kutwa. Jiangalie katika kioo wakati wa muchana. Uso hauna wekundu, hauwashi, hauna mapele? Basi ulinyoa vizuri, hata kama yenga asubuhi kidole cha kapita kilinung'unika. Katika vipimo vyote vine, hiki ndicho tunachokiamini zaidi, na ndicho ambacho hakuna kapita anaweza kukifanya katika mustari.

6. JILETI NI YA MUTU MUMOJA

Mutu aliyeleta jileti nyembamba ya kutupwa ni Mumarekani King C. Gillette, aliyepewa hati ya uvumbuzi wake mwaka wa 1904. Jina lake limekuwa jina la kila jileti, hata ile ya kampuni ingine. Aliitengeneza kusudi itumiwe na mwenyewe kisha itupwe. Lakini katika dortwari zetu jileti moja inazunguka vitanda vine.

Tuache desturi hii. Damu ndogo isiyoonekana inaweza kubaki pembeni ya jileti. Virusi vya hepatite B vinaweza kukaa nje ya mwili siku saba na vingali na nguvu ya kuambukiza, na ugonjwa wa sida vilevile unapita katika damu. Kusuuza kwa maji hakutoshi. Ukikosa pesa ya jileti, ni heri kuja yenga na ndevu kuliko kuazima.

Tena, jileti iliyoisha makali haikati, inavuta. Usiitupe katika majani, kwa sababu wadogo wetu wanapita pale miguu wazi. Kopo liko nyuma ya dortwari, tuzitie mule.

7. SHAURI JIPYA

Tulipeleka mambo haya kwa Bwana Prefe wa masomo, naye amekubali tuanze hivi:

a) Kapita ataangalia kwa macho, na akigusa, atapitisha kidole kwa kufwata njia ya ndevu tu.
b) Hakuna mutu atakayerudishwa kunyoa mara ya pili asubuhi ile ile. Akikosa, atasahihisha wakati ujao.
c) Mwenye mapele aende kwa muganga. Akipewa barua, ataacha jileti mpaka apone, na atapunguza ndevu kwa makasi. Hataulizwa kitu katika mustari.
d) Kuazimana jileti kumekatazwa, hata kati ya ndugu.

Wengine watasema: "Makapita wamelegea." Hapana. Usafi unabaki sheria, na mwenye kulala mpaka kengele ya pili bila kunawa atatukuta palepale. Lakini tulikuwa tunapima utii wa mutu kwa ngozi yake, na ngozi ya kila mutu si sawa. Mwenye ndevu chache za kunyooka alisifiwa bila kazi, na mwenye kujikaza zaidi ndiye alirudishwa.

Kwa mwenzetu wa mwaka wa ine, tulienda sisi wote kwa kitanda chake, tukamuomba musamaha. Alicheka kidogo, akasema: "Sasa munijulishe makasi iko wapi." Shingo yake inaendelea kupona, na yenga iliyopita alisimama tena katika korale, mustari wa pili, na ndevu fupi zilizokatwa vizuri. Tunawaomba nyote jina lile la Nanasi life.

Wadogo wetu wa mwaka wa pili na wa tatu mulioanza kuota ndevu, musiogope kuuliza. Siku ya posho magaribi tutakuwa kwa bomba. Kila mutu aje na beseni yake, sabuni yake, na jileti yake mwenyewe.

Sisi makapita wa internati.