Kobe Mdogo Mwenye Bawaba Mgongoni

Ndugu mkulima wa Bokoli, miezi ya Desemba hadi Februari unaijua vizuri. Mahindi yamekwisha kuvunwa, na kila mtu anataka kutayarisha shamba lake kabla ya mvua ya Machi. Lakini wakati huo huo yuko mnyama mdogo aliyejificha ardhini, naye hawezi kuukimbia moto wala trekta. Huyo ni kobe wa Speke. Mtaalamu Gray ndiye aliyemwandika kwa jina hilo mwaka 1863. Anapatikana Kenya, Uganda na Tanzania, na kusini hata Zambia na Zimbabwe.

Utamjuaje?

Usimchanganye na kobe mkubwa mwenye madoa kama chui. Gamba la huyu ni bapa, na urefu wake ni kama sentimita 20 tu. Mtazame mgongoni upande wa nyuma, utaona mstari unaokatiza gamba. Hapo ndipo penye bawaba. Akiogopa huingiza kichwa na miguu, kisha huteremsha gamba la nyuma kama mtu afungaye mlango. Watoto wake hawana bawaba hiyo, huipata wanapokua.

Maisha yake

Wakati wa mvua hutembea akitafuta chakula: majani, matunda yaliyoanguka, uyoga, jongoo na konokono. Hana meno, ila mdomo mgumu kama wa ndege. Basi usimdhanie kuwa ni adui wa mahindi yako.

Kiangazi kikifika hujificha. Huingia katika shimo lililochimbwa na muhanga au nungunungu, ndani ya kichuguu, au chini ya jiwe. Pengine hujichimbia mwenyewe katika udongo laini chini ya kichaka. Hukaa humo muda mrefu bila kula, akingoja mvua.

Jike hutaga mayai machache, mara nyingi mawili hadi manne. Huyafukia, akaenda zake. Watoto hutoka baada ya miezi mingi, nao hukua polepole sana. Kwa hiyo ukiua kobe mmoja mkubwa, itapita miaka mingi kabla ya mwingine kushika mahali pake.

Ufanye nini?

Kwanza, usichome mabua. Bawaba humkinga kobe na meno ya adui, lakini haimkingi na moto. Tena mabua yakiozeshwa yatakupa mbolea, na moto utakuachia majivu tu.

Pili, acha ukanda wa kichaka mpakani mwa shamba, na kabla ya kulima tazama mashimo na vichuguu.

Tatu, jembe likimfukua, mchukue polepole umweke kivulini katika kichaka cha karibu. Usimpeleke mbali, wala usimchezee, kwa maana akishtuka hukojoa na kupoteza maji aliyojiwekea kwa kiangazi. Kisha nawa mikono kwa sabuni, kwani kobe aweza kuwa na vijidudu vya kuharisha.

Nne, usimfuge wala kumwuza bila kibali. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza. Waeleze na watoto, maana mara nyingi wao ndio wa kwanza kumwona.