Juisi Nzito ya Nyumbani: Ubuyu, Papai na Maji Yaliyo Salama

Kiangazi kinapokolea katika nyanda za kati, kuanzia mwezi Juni hadi mvua za kwanza za Novemba au Desemba, mambo mawili huonekana kwa pamoja mkoani Singida. Mboga mbichi hupungua bustanini, na ubuyu huongezeka masokoni na magengeni. Kaya nyingi huuona ubuyu kuwa kitafunwa cha watoto, au kinywaji cha kuuzwa kwenye vifuko. Hata hivyo, ubuyu ukichanganywa na papai, tango na karoti hutoa kinywaji kizito, baridi na chenye uchachu wa kuamsha kinywa, ambacho kila kaya inaweza kukiandaa, iwe na umeme au isiwe nao.

Juisi nzito ni ile ambayo tunda husagwa au kupondwa pamoja na nyama yake, bila kuchujwa. Hapo ndipo inapotofautiana na juisi ya kukamua. Anayechuja hubakiwa na maji yenye sukari ya tunda na kutupa nyuzinyuzi, ambazo husaidia tumbo kufanya kazi vizuri na kuzuia sukari isiingie kwenye damu kwa kasi.

Kinywaji hiki kinahusiana na jambo zito kuliko kiu. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba nchini Tanzania watoto 58 kati ya kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59, na wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na upungufu wa damu. Malaria na minyoo ni miongoni mwa visababishi. Kisababishi kingine kipo mezani: mwili kukosa madini ya chuma ya kutosha.

Mkazi anaweza kuuliza, na swali lake ni la haki, inakuwaje watu wanaokula mlenda, mchicha, majani ya kunde na maharage wakakosa madini hayo. Jibu ni kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye mimea hayafyonzwi na mwili kwa urahisi kama yale ya nyama, maini au samaki. Nafaka zenyewe, hasa mtama mwekundu na uwele, zina viasili vinavyoyashika madini hayo na kuyapitisha tumboni bila kutumika. Chai hufanya vivyo hivyo, na wengi huinywa pamoja na chakula au mara tu baada ya kula. Vitamini C hutenda kinyume chake, kwani huyafungua madini hayo ili mwili uyapokee. Kwa sababu hiyo, wakati wa kunywa juisi hii una uzito sawa na vitu vilivyomo ndani yake. Glasi inayonywewa pamoja na ugali na mboga za majani hufanya kazi ambayo glasi ileile, ikinywewa saa kumi alasiri peke yake, haiwezi kuifanya. Chai isubiri angalau saa moja baada ya mlo.

Ubuyu una vitamini C kwa wingi. Gramu kwa gramu, unga wake mkavu huwa na vitamini hiyo mara kadhaa ya ile iliyomo kwenye chungwa. Tatizo ni kwamba vitamini C huharibiwa na moto, na katika nyumba nyingi ubuyu huchemshwa pamoja na sukari kwa muda mrefu. Utaratibu ulio bora ni kuchemsha maji peke yake, kuyaacha yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha kutia ubuyu. Wanaonunua ubuyu wenye ganda wachague magamba magumu yasiyopasuka, kwa kuwa ganda zima huulinda unga dhidi ya vumbi, wadudu na ukungu. Unaotakiwa hapa ni ubuyu mweupe wa kawaida. Ule mwekundu unaouzwa kwenye vifuko tayari umepikwa na kutiwa sukari na rangi. Huo ni peremende, na haufai kwa kazi hii.

Maji kwanza

Juisi nzuri iliyoandaliwa kwa maji machafu ni hatari kuliko kutokunywa juisi kabisa. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulisambaa hadi mikoa mingi ya Tanzania Bara, na vinywaji baridi vilivyotengenezwa kwa maji yasiyochemshwa ni moja ya njia ambazo ugonjwa huo hupitia. Homa ya matumbo hufuata njia hiyo hiyo.

Maji yanayochotwa kisimani, bwawani, mtoni au hata bombani yachemshwe hadi yatokote kabisa, yaendelee kutokota kwa angalau dakika moja, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa katika chombo safi. Kaya isiyo na kuni au mkaa wa kutosha inaweza kutumia vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, au jua, ambalo Singida haijawahi kulikosa. Maji yasiyo na tope hujazwa katika chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita 2, na kulazwa juani kwa saa 6 mfululizo. Siku ya mawingu mengi, chupa hizo zikae nje siku mbili. Maji yenye tope yatulizwe na kuchujwa kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu mwanga haupenyi tope.

Kuhusu maji ya Singida lipo jambo moja zaidi. Baadhi ya visima virefu vya mkoa huu vina madini ya floraidi kwa kiwango kinachozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi ikizidi huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto, na kwa miaka mingi huathiri mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Palipo na kisima kinachojulikana kuwa na tatizo hilo, maji ya mvua yaliyovunwa vizuri na kuchemshwa yanafaa zaidi kwa vinywaji vya watoto.

Matunda na mboga pia huoshwa kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kumenywa, hata tunda ambalo ganda lake litatupwa, kwa maana kisu hubeba uchafu wa ganda na kuuingiza ndani. Kuyaloweka katika maji ya chumvi, kama wengi wafanyavyo, si kosa, lakini chumvi haiui vijidudu vyote na haiwezi kuchukua nafasi ya kuosha. Mikono ioshwe kwa sabuni.

Namna ya kuandaa

Kwa watu wanne huhitajika papai moja la wastani lililoiva, tango moja, karoti moja, vijiko 4 vya mezani vya unga wa ubuyu na glasi 3 za maji salama. Kipande kidogo cha tangawizi huongeza ladha, si lazima.

Unga wa ubuyu ukorogwe katika glasi moja ya maji vuguvugu hadi mabonge yaishe. Ikiwa ubuyu ungali na mbegu zake, kikombe kimoja kilowekwe kwa robo saa, kivurugwe kwa mwiko hadi unga uachane na mbegu, kisha mbegu ziondolewe kwa chujio lenye matundu makubwa. Papai limenywe na kutolewa mbegu. Tango likiwa chungu sehemu ya kikonyo, sehemu hiyo ikatwe na kutupwa, maana uchungu wake huharibu mchanganyiko wote. Mwenye blenda asage karoti na tango kwanza pamoja na maji yaliyobaki, atie papai, na ubuyu uingie mwisho.

Asiye na blenda hapungukiwi na kitu isipokuwa dakika kumi. Karoti hukwaruzwa, kisha hutwangwa kinuni pamoja na tango na tangawizi hadi vilainike. Papai hupondwa bakulini kwa mwiko au uma. Vyote huchanganywa na maji ya ubuyu na kukorogwa kwa nguvu. Kinu kinachotumika kioshwe na kusuuzwa kwa maji ya moto, na kisiwe kile kinachotwangiwa dawa za mifugo au mbegu zilizowekwa dawa. Juisi ya kinu huwa na chembechembe kidogo. Watoto huizoea upesi.

Msimu ukibadilika, viungo navyo hubadilika. Maembe yakianza kuiva karibu na mvua, embe mawili huchukua nafasi ya papai. Ubuyu ukikosekana, maji ya ndimu mbili au limau moja yanatosha. Ukwaju hutoa uchachu mzuri, ila hauna vitamini C nyingi, hivyo ni vema uandamane na embe, papai au ndimu. Bitiruti nusu huipa juisi rangi nzito inayowavutia watoto. Mkojo ukiwa mwekundu siku ya pili, sababu huwa ni rangi hiyo, lakini wekundu unaoendelea, au unaomtokea mtu ambaye hakula bitiruti, upelekwe zahanati.

Wapo wanaopenda kutia majani mabichi. Kiganja kimoja cha mchicha kinaweza kuingia, baada ya kuoshwa vizuri na kutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa nusu dakika, hasa kwa mchicha wa bustani za mabondeni ambazo maji yake hayajulikani yatokako. Kisamvu kisitiwe kabisa. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ambayo huondoka kwa kutwangwa na kupikwa vizuri, na kuyatwanga tu au kuyapitisha kwenye blenda hakutoshi.

Maziwa nayo yaachwe kwa wakati mwingine. Papai bichi likikaa na maziwa huyafanya yawe machungu, na kalisi iliyomo kwenye maziwa hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma, jambo linalovunja kusudi lote la kinywaji hiki. Mafuta, kinyume chake, yanasaidia. Rangi ya manjano ya papai, embe na karoti hugeuzwa mwilini kuwa vitamini A, na mwili huipokea vizuri zaidi panapokuwa na mafuta. Mboga iliyoungwa kwa mafuta ya alizeti ya hapa hapa Singida, ikiliwa pamoja na glasi hii, inatosheleza hitaji hilo.

Juisi inywewe ndani ya saa mbili, au ikae kwenye jokofu kwa muda usiozidi siku moja. Barafu ya kununua isitiwe ikiwa maji yake hayajulikani. Mtungi wa udongo hufanya kazi vizuri mno katika upepo mkavu wa Singida, kwani kadiri maji yanavyovukiza kwenye ukuta wake ndivyo yaliyomo ndani yanavyopoa. Maji yaliyochemshwa usiku na kuwekwa humo yakiwa yamefunikwa huwa baridi ya kutosha ifikapo mchana.

Sukari, watoto na wagonjwa

Papai lililoiva halihitaji sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 50 au vijiko 12 vya chai kwa mtu mzima, na ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo. Aina nyingi za soda zina zaidi ya gramu 35 katika chupa moja ya mililita 350. Asali ya Manyoni na Itigi ina sifa yake, lakini mwilini nayo ni sukari, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa kuwa inaweza kubeba vimelea vinavyosababisha ugonjwa wa kupooza kwa watoto wachanga.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hunyonya maziwa ya mama pekee, bila maji wala juisi. Kuanzia miezi 6, papai au embe lililopondwa na kulishwa kwa kijiko linamfaa kuliko juisi, ambayo hujaza tumbo dogo na kumwondolea hamu ya kunyonya na kula. Mwenye kisukari apunguze kipimo hadi nusu glasi, aongeze tango, na aulize kliniki anakohudhuria.

Mama mjamzito aliyepewa vidonge vya madini ya chuma na asidi foliki anaweza kuvimeza kwa juisi hii badala ya chai. Juisi haichukui nafasi ya vidonge hivyo, wala ya kupima damu. Mtu mwenye uchovu usioisha, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, au viganja na kope za ndani zilizopauka, afike zahanati au kituo cha afya kupimwa, kwa kuwa chanzo kinaweza kuwa malaria au minyoo.

Maelekezo ya ana kwa ana hupatikana katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila baada ya miezi mitatu, ambapo watoto hupimwa hali ya lishe na wazazi huonyeshwa namna ya kuandaa vyakula vinavyopatikana kijijini. Tarehe hutolewa na ofisi ya mtendaji wa kijiji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wanaotaka kupanda mapapai nyumbani wamwone afisa ugani wa kata. Kwa kuwa mche hauonyeshi mapema kama ni dume au jike, ni vema kupanda miche mitatu katika shimo moja na kung'oa madume maua yanapotokea. Maua ya dume huning'inia kwenye vikonyo virefu, ya jike hukaa karibu na shina. Maji yaliyooshea matunda yanatosha kuanzia kuinyweshea.