Mbio za theluji: Kwa nini pumzi na miguu pekee havitoshi

BARAFU si kitu kigeni kwa wakazi wa kaunti za Homa Bay na Migori. Katika fuo za Mbita, Sori na Muhuru Bay, samaki hufunikwa kwa barafu kabla ya kusafirishwa kwenda masoko ya mbali, na wanaofanya kazi hiyo wanajua jinsi vidole vinavyokufa ganzi baada ya dakika chache. Lakini ganzi hiyo haidumu. Mtu huinua mikono, akaisugua na kuianika juani, na kazi ikaendelea.

Katika mbio ndefu za majira ya baridi huko Ulaya na Amerika Kaskazini, jua la namna hiyo halipo. Mshindani hukaa nje kwa saa nyingi, na katika baadhi ya mashindano kwa siku kadhaa, huku kipimajoto kikiwa chini ya sifuri.

Je, mwanariadha aliyelelewa kando ya Ziwa Victoria, ambako joto la mchana hukaribia nyuzi 30, anaweza kujiandaa kwa mbio kama hizo? Jibu ni kwamba anaweza. Hata hivyo, historia ya Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi inaonyesha kuwa maandalizi yake hayafanani na ya marathoni.

Mkenya huyo ni Philip Boit, mzaliwa wa Eldoret na mpwa wa Mike Boit, aliyeshinda medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya mwaka 1972. Philip naye alikuwa mkimbiaji wa mbio za kati. Mwaka 1996, kwa ufadhili wa kampuni ya Nike, alipelekwa Finland pamoja na mwenzake Henry Bitok kujifunza skii, yaani mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu nyembamba zilizofungwa miguuni. Huko ndiko alikoiona theluji kwa mara ya kwanza.

Miaka miwili baadaye, Februari 12, 1998, Boit alisimama kwenye mstari wa kuanzia mbio za kilomita 10 mjini Nagano, Japani. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alitumia dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza wa 92, nafasi ya mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25. Dæhlie alimsubiri mwishoni na kumkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la bingwa huyo, na akarudi tena Olimpiki mwaka 2002 na 2006.

Pengo hilo la dakika 20 halikutokana na upungufu wa pumzi. Skii ni ufundi. Mshindani huhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, huku mikono ikisukuma fimbo mbili kwa nguvu. Wapinzani wa Boit walianza kujifunza hayo wakiwa watoto wadogo. Yeye alianza akiwa mtu mzima. Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya katika skii ya kuteremka mlima kwenye Olimpiki ya mwaka 2018 huko Pyeongchang, alizaliwa Kenya lakini alilelewa Austria, katika nchi ya theluji.

Kwa hiyo kijana wa Rongo au Ndhiwa anayetamani mbio hizo hana budi kuanza na mabega, mgongo na mizani ya mwili. Katika jambo hili, mvuvi aliyezoea kupiga kasia huenda akawa na msingi mzuri kuliko mkimbiaji. Wanaskii wenyewe, theluji inapoyeyuka, hufanya mazoezi barabarani kwa skii fupi zenye magurudumu. Zoezi hilo linahitaji lami laini isiyo na magari mengi, na haliondoi haja ya kukaa miezi kadhaa kwenye theluji yenyewe. Hapo ndipo gharama inapokuwa kubwa, na ndiyo maana safari ya Boit ilihitaji mfadhili.

Jambo la pili ni mavazi, na hapa wageni wengi hukosea. Hudhani kuwa dawa ya baridi ni kuvaa nguo nyingi iwezekanavyo. Kumbe adui mkubwa wa mshindani ni jasho lake mwenyewe. Nguo iliyolowa hupoteza joto la mwili haraka, hasa ya pamba. Kinachofaa ni tabaka tatu: la ndani la sufu au kitambaa kisichoshika maji, la kati la kuhifadhi joto, na la nje la kuzuia upepo. Anayeanza mbio akiwa amepata joto la kutosha amevaa kupita kiasi. Inafaa ahisi baridi kidogo mwanzoni.

Baridi inapozidi, mwili hubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili kulinda moyo na viungo vingine vya ndani. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, maisha yamo hatarini. Dalili za mwanzo ni kutetemeka, kujikwaa na maneno kuvurugika. Mtu akiacha kutetemeka ilhali bado yuko baridini, hiyo si nafuu bali ni dalili kwamba hali imekuwa mbaya zaidi.

Vidole, pua na masikio navyo huweza kuganda. Tafiti zilizofanywa katika majeshi ya Uingereza na Marekani zimeonyesha kuwa askari wenye asili ya Kiafrika hupata madhara ya baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao weupe. Aidha, kwenye ngozi nyeusi mabadiliko ya rangi hayaonekani upesi. Mshindani Mwafrika basi asingoje kuona, ajipapase. Kidole kilichokufa ganzi na kuwa kigumu kama nta kinahitaji msaada mara moja. Kisisuguliwe wala kuwekwa karibu na moto, bali kitiwe kwenye maji ya uvuguvugu, na hilo lifanywe mahali ambapo hakitaganda tena.

Kwa sababu ya hatari hizo, kanuni za shirikisho la kimataifa la skii zinataka mashindano ya masafa yaahirishwe au yafutwe baridi ikizidi nyuzi 20 chini ya sifuri. Mbio za masafa marefu sana za nyikani hazina kinga hiyo daima. Katika Yukon Arctic Ultra, inayofanyika kaskazini mwa Kanada, baridi ilipita nyuzi 40 chini ya sifuri mwaka 2018, na mshiriki mmoja alipoteza viungo vya mikono na miguu.

Chakula na maji pia huhitaji mpango. Mwili unaotafuta joto huku ukikimbia hutumia nguvu nyingi, kwa hiyo mshindani hula kidogo kidogo njiani hata kama hana njaa. Kiu hupungua baridini, ilhali mwili unaendelea kupoteza maji kwa pumzi na jasho. Chupa hubebwa ndani ya koti, au hupinduliwa kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu na mdomo wa chupa hubaki wazi.

Kwa anayeanza, busara ni kupanda ngazi hatua kwa hatua: kwanza mizunguko mifupi karibu na nyumba yenye joto, kisha mbio za kilomita 10, na baada ya misimu kadhaa ndipo afikirie mashindano kama Vasaloppet ya Sweden, yenye kilomita 90, iliyoanzishwa mwaka 1922. Glavu, kiatu au chakula ambacho hakijajaribiwa mazoezini kisitumiwe siku ya mashindano.

Mkimbiaji anayechoka katika marathoni ya nyumbani huketi kando ya njia akapumzika. Barafuni, kuketi ndiko kunakoua, kwani joto la mwili hushuka mara tu misuli inapotulia. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na katika mbio hizi tahadhari huanza miaka mingi kabla ya mshindani kukanyaga theluji.