Pwani Hukimbia kwa Kundi

Jumapili, kabla jua halijatoka, barabara za Temeke, Mbagala, Magomeni na Kinondoni, Dar es Salaam, huwa na wenyewe. Filimbi inalia, mtu mmoja anaanzisha wimbo kwa sauti iliyokwaruza, na watu hamsini, siku nyingine mia na zaidi, wanaitikia huku miguu ikigonga lami kwa pamoja. Wamevaa fulana za rangi moja, na mgongoni pameandikwa jina la klabu na la mtaa. Mbele wapo vijana wenye vibendera vyekundu, wanasimamisha daladala na bodaboda kwenye makutano. Nyuma kabisa yupo mtu mzima mmoja au wawili ambao kazi yao ni moja tu: asiachwe mtu. Hawa ndio watu wa joging, nami ni mmoja wao.

Anayetaka kujua marathoni inakimbiwaje Pwani aanze na kundi hili, asianze na medali. Majina makubwa ya riadha ya Tanzania yametoka zaidi kwenye miinuko na kanda ya kati. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, ni mtu wa Karatu. John Stephen Akhwari ni wa Mbulu. Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025, ni wa Singida. Huko mtu hukimbia akiwa peke yake njiani, kwenye baridi na hewa nyepesi, na mbio zinaweza kumtoa kijijini zikampeleka duniani. Huku kwetu wengi wanaovaa namba kifuani ni wauza duka, walimu, mafundi cherehani, makondakta, wastaafu na mama wa makamo walioambiwa na daktari kwamba sukari imepanda. Hawatafuti ushindi. Pwani imeipokea marathoni kama inavyopokea harusi: ni shughuli, na shughuli ni watu.

Hili lina mizizi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ngoma ya beni ilienea kutoka Lamu na Mombasa, ikashuka Tanga na Dar es Salaam, ikaingia mpaka bara. Vyama vyake viwili vilivyovuma, Marini na Arinoti, vilikuwa na sare, vyeo, bendi na viongozi, na vilishindana kwa gwaride, mavazi na karamu. Mwenzao akifiwa, walikuwa naye. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975. Mtu anayeijua habari hiyo akizitazama klabu za joging za leo, zenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mlezi, sare mpya kila mwaka na utani mkali na klabu ya mtaa wa pili, ataona ukoo. Mwendo wenyewe na nyimbo za kuitikiana vimetoka kwingine, kwenye mchakamchaka wa shuleni na wa Jeshi la Kujenga Taifa lililoundwa mwaka 1963. Mzee aliyepita kambini miaka ya sabini bado anajua mguu upi unatangulia wimbo ukianza, na vijana humwachia aanzishe.

Kasi ya kundi huwekwa na mwimbishaji. Akiimba haraka, wote wanaharakisha. Akivuta, wote wanapumua. Mwimbishaji mzuri huzungusha macho nyuma kila baada ya ubeti, na akiona safu za mwisho zinafunguka, hubadilisha wimbo bila kutangaza chochote. Watu hudhani amechoka, kumbe amewaona. Mgeni hawekwi mwisho. Huwekwa katikati, kati ya wawili wazoefu, ili mdundo umbebe. Anayetaka kwenda mbio zake mwenyewe ana siku sita nyingine za juma.

Baada ya kilomita nane au kumi, kundi huingia uwanjani kunyoosha viungo, kisha supu: ya mbuzi au ya ng'ombe, ndimu, pilipili, chapati. Hapo ndipo klabu yenyewe inapoonekana. Katibu anasimama na daftari. Nani amelazwa, nani amejifungua, nani anaoza binti mwezi ujao, nani amefiwa na mazishi ni wapi. Mchango unapita. Nimeona klabu ikihamisha mbio zake za Jumapili ili njia ipite mbele ya nyumba yenye msiba. Walipofika pale filimbi ikanyamaza, wakatembea, wakatoa pole, wakaendelea. Mwezi mwingine klabu moja hualika nyingine, na mwaliko ni deni: walioalikwa watakuja na fulana zao, na siku yao itafika nanyi muende.

Zanzibar jambo hili lina tarehe yake. Kila Januari 1, vikundi vya mazoezi vya Unguja na Pemba hukutana kuadhimisha siku ya mazoezi ya viungo, na viongozi wa nchi huyapokea matembezi yao. Wakati sehemu nyingine za dunia zimelala baada ya mkesha wa mwaka mpya, barabara za mjini zimejaa watu wa rika zote kuanzia alfajiri. Bara nako, Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alizindua kampeni ya mazoezi ya kitaifa, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Klabu za mitaani hazikusubiri tangazo, lakini zilifurahi kuona wakubwa nao wanatoka jasho.

Sasa tuje kwenye siku ya marathoni yenyewe, kilomita 42 na mita 195, au nusu yake, ambayo ndiyo wengi wetu hukimbia. Adui wa kwanza wa mkimbiaji wa Pwani si mlima, maana milima haipo. Ni fukuto. Jasho huupoza mwili linapokauka, na hewa iliyojaa unyevu hairuhusu likauke. Linachuruzika tu, linaloweka fulana, linateremka mpaka kwenye soksi, na mwili unabaki na joto lake. Asubuhi ya Dar es Salaam, hata kabla ya jua, hewa huwa imeshiba maji. Dunia iliona hili Mombasa, Machi 2007, mji huo ulipoandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa amechukua ubingwa wa mbio ndefu miaka mitano mfululizo, alijitoa kabla ya kumaliza, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Mashujaa wa miinuko walikutana na kitu ambacho muuza madafu wa Likoni anakifanyia kazi kila siku.

Kwa hiyo wazoefu wana taratibu zao. Mapaja na makwapa hupakwa mafuta ya mgando, maana fulana yenye chumvi inachubua ngozi mpaka damu. Kilomita kumi za kwanza hukimbiwa polepole kuliko unavyojisikia, kwa sababu joto hulipisha baadaye. Na maji yana elimu yake. Dafu lina potasiamu kwa wingi, lakini sodiamu yake ni ndogo, na sodiamu ndiyo inayotoka zaidi na jasho. Kwa hiyo anayekunywa madafu na maji matupu kwa saa nne, bila chumvi yoyote, anaweza kuumwa kichwa, kutapika, hata kuchanganyikiwa, ilhali tumbo limejaa maji. Mama mmoja wa klabu yetu hubeba chumvi kidogo kwenye kipande cha nailoni alichokifunga kwenye ncha ya kanga kiunoni. Akifika kila kituo anachovya kidole, analamba, anakunywa. Sijawahi kumwona akikaa chini.

Kusi inapovuma, Juni mpaka Agosti, mambo ni mepesi kidogo. Mbio zinazopita ufukweni zina raha yake miezi hiyo: Dar es Salaam, unapanda Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, kilomita moja na zaidi juu ya maji, upepo unakupiga ubavuni na Coco Beach iko mbele. Unguja unapita Mizingani na Forodhani, ukuta wa Ngome Kongwe kushoto au kulia kutegemea unakwenda au unarudi, na wavuvi wanateremsha samaki bila kukutazama mara mbili. Mombasa, upepo wa Mama Ngina hukutia moyo mpaka pale barabara inapogeuka kuingia mjini na upepo ukakatika ghafla.

Kilomita ya 30 kwenda juu, mambo hubadilika. Miguu inakuwa si yako. Jua limeshapanda, lami inarudisha joto usoni, na waimbaji wametawanyika kila mtu na pumzi yake. Hapa ndipo mitaa inapoingia kazini. Watoto wananyoosha mikono ili uiguse. Wazee walioko barazani wanainua bakora. Muuza mihogo anaacha karai lake linachemka, anasimama kando ya barabara, anapiga makofi:

"Kaza mwanangu, umeshafika!"

"Ahsante mama. Shikamoo."

"Marahaba, nenda, nenda, wenzio hao!"

Hujafika; zimebaki kilomita kumi na mbili, na yeye huenda hajui, wala haimhusu. Anakuona mtoto wa mtu umechoka. Nimekimbia pia mbio ambazo barabara ilikuwa imefungwa vizuri, maji yapo kila baada ya umbali uliopangwa, saa kubwa zinaonyesha muda, na pembeni hakuna mtu. Zilikuwa ngumu kuliko zote.

Wanawake ndio waliobadilisha sura ya mbio hizi kuliko kundi jingine lolote. Katika klabu nyingi ninazozifahamu, asubuhi ya Jumapili wao ndio wengi. Unguja na Tanga wanakimbia na hijabu na suruali pana, wengine na gauni refu juu yake, na kuna mafundi mitaani wanaowashonea vitambaa vyepesi visivyonata. Palikuwa na maneno mwanzoni, na bado yapo kwa baadhi ya watu. Kilichoyapunguza ni kundi lenyewe: mke wa fulani akikimbia peke yake barabarani atasemwa, lakini akikimbia katikati ya shangazi zake, jirani zake na mwalimu wa madrasa ya watoto wake, mwenye kusema aanze na nani? Ndiyo maana nasikitika ninaposikia mtu akiyadharau makundi haya kwa sababu hayatoi mabingwa. Kwa mama wa miaka hamsini na tano ambaye presha yake imeshuka na ambaye sasa ana watu mia wanaojua jina lake, klabu imetoa kitu kikubwa.

Ramadhani ikiingia, ratiba hugeuka. Baadhi ya klabu hupumzika mwezi mzima. Nyingine hukutana usiku baada ya tarawehe, mwendo mfupi, bila nyimbo, na badala ya supu ni uji wa pilipili manga. Wanaojiandaa kwa marathoni hujifunza uvumilivu wa namna nyingine mwezi huo, na wenzao Wakristo huwasindikiza usiku kama wao wanavyosindikizwa Kwaresma.

Marathoni nyingi za mjini siku hizi zina jambo la hisani nyuma yake: matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, au ya wanawake wenye fistula katika hospitali ya CCBRT. Watu wa klabu hulipa ada kwa moyo mmoja, maana mchango ni lugha wanayoijua. Shida ni kwamba ada imepanda mpaka muuza mihogo anabaki mshangiliaji wa kudumu. Klabu yetu hukusanya kidogo kidogo tangu miezi minne kabla, na asiyeweza kabisa hulipiwa na mfuko.

Kuna jambo moja linaloniuma. Katika mbio moja niliyokimbia, mama zetu watatu walifika kilomita ya 18 ya nusu marathoni wakakuta meza ya maji imeshakunjwa na gari la waandaaji linaondoka. Muda rasmi wa kufunga ulikuwa haujafika. Watoto wa mtaa ule ndio waliokimbia majumbani wakarudi na ndoo na vikombe vya plastiki, na mama mwenye ndoo akakataa hela. Wale watatu walimaliza, lakini walikuta lango linateremshwa na hakuna medali. Nchi hii imemheshimu Akhwari kwa zaidi ya miaka hamsini, na kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alikuwa wa mwisho, goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Kwa nini basi aliye nyuma kwenye barabara zetu wenyewe afungiwe maji?

Tangu siku ile klabu hupeleka bodaboda yake yenye madumu mawili, chumvi na ndizi, na dereva ana agizo la kubaki nyuma ya mwanachama wa mwisho. Tumewaandikia waandaaji wa mbio kadhaa tukiwaomba mambo mawili: meza zisikunjwe kabla ya muda waliouchapisha wenyewe, na medali zihesabiwe kwa idadi ya waliolipa. Wawili wamejibu na kukubali. Wengine tunawasubiri, na barua ya pili imeshaandikwa.