Simu Iitayo Pasipo Sauti
Simu ya intaneti ipitayo katika kundi la seva zilizomo ndani ya makontena aghalabu huita, ikapokelewa, lakini sauti isisikike. Ujumbe wa itifaki ya SIP, iliyopewa sura yake ya sasa mwaka 2002, ni mithili ya barua: anwani ya mpelekaji imo juu ya bahasha na ndani ya waraka pia. Kifaa kibadilishacho anwani husahihisha ya bahasha tu. Ya ndani, mathalani 172.17.0.2, haifikiki kutoka nje. Kuliwasha kontena upya hakutoshi. Hapana budi kuusoma waraka wenyewe, kisha kila seva itangaze anwani ya nje na milango yake ya sauti, isiyogongana na ya wenzake.